Sikio la Kufa na Dawa Yake: Historia ya Maradhi ya Masikio katika Kamina

Utangulizi

Methali isemayo "Sikio la kufa halisikii dawa" hutumiwa zaidi kuwaonya wakaidi kuliko kuwaeleza wagonjwa. Mtu aliyekataa nasaha akapatwa na madhara huambiwa methali hiyo, na wasikilizaji hawalikumbuki tena sikio lenyewe. Hata hivyo, mfano huo una asili katika maisha. Yamkini watu wa kale waliwaona wenzao ambao masikio yao yalitoka usaha mwezi baada ya mwezi, wakajaribiwa kila dawa, na mwishowe wakabaki viziwi au wakafa.

Makala haya yanakusudia kulirejesha sikio katika maana yake ya kimwili, na kueleza jinsi maradhi yake yalivyofahamika na kutibiwa katika mazingira ya mji wa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yake ni moja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, maradhi ya masikio yalikaa pembeni mwa tiba ya Katanga. Hayakuwa machache, na tangu miaka ya 1940 hayakukosa dawa. Yaliwekwa pembeni kwa kuwa hayakusimamisha kazi wala hayakuua kwa haraka. Aghalabu mgonjwa wake ni mtoto, na madhara yake huonekana baada ya miaka, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka chanzo.

Sikio katika nchi ya Waluba

Kamina imo katika nchi ya Waluba wa Katanga. Kiluba ndicho lugha ya wenyeji, nacho Kiswahili ni lugha ya soko, ya stesheni, ya kazi na ya mchanganyiko wa watu waliokuja na reli. Kwa Kiluba sikio huitwa kutwi, na kwa wingi matwi, neno ambalo shina lake linapatikana pia katika Kibemba na lugha nyingine nyingi za Kibantu. Kiswahili kimeshika njia nyingine, kwani jina la kiungo, sikio, linatokana na kitenzi cha kazi yake, sikia.

Kitenzi hicho kina maana pana. Mswahili husikia sauti, husikia baridi, husikia harufu, na mtoto mtiifu husemwa kuwa ni msikivu. Katika Kiswahili cha Katanga mtu huweza kusema kwamba anasikia lugha fulani, naye akawa na maana ya kwamba anaielewa. Kwa hiyo mtoto aliyeziba masikio yumo katika hatari ya kuhesabiwa kuwa mkaidi au mzito wa akili, kwa sababu lugha yenyewe haitenganishi kwa urahisi kusikia, kuelewa na kutii. Mwalimu na mzazi humkemea mtoto kwa kutosikia, ilhali kweli hasikii.

Jambo hili lina uzito wa pekee miongoni mwa Waluba. Kiluba ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Aidha, historia ya ufalme wa Waluba ilihifadhiwa na kufikishwa kwa mdomo. Wanachama wa chama cha Mbudye walikuwa na ubao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga na simbi, ambao mjuzi aliupapasa kwa vidole huku akisimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Ubao ulikuwa msaada wa kumbukumbu tu, na elimu yenyewe ilitoka kinywani ikaingia sikioni. Katika jamii ya namna hiyo, mtu aliyepoteza usikivu utotoni alipoteza pia mlango wa kuingilia katika historia ya watu wake.

Chanzo na dalili za ugonjwa

Ili kuifahamu historia ya ugonjwa huu yafaa kwanza kuufahamu wenyewe. Sikio lina sehemu tatu: sikio la nje, sikio la kati na sikio la ndani. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili pana ngozi nyembamba iitwayo kiwambo, jina linalotokana na kitenzi wamba, kama vile fundi anavyowamba ngozi juu ya ngoma. Wengine huiita ngoma ya sikio, na jina hilo linafaa sana, kwani ngozi hiyo hutikisika kwa sauti kama ngoma inavyotikisika kwa mkono.

Ugonjwa wa sikio la nje huwapata zaidi watu ambao masikio yao hukaa na maji baada ya kuoga au kuogelea, na wale wanaojichokoa kwa vijiti, manyoya ya kuku au vibiriti. Ngozi ya ndani huchubuka, bakteria au kuvu huingia, na sikio huwasha na kuuma hasa likivutwa. Maradhi haya husumbua, lakini kwa kawaida hayaharibu usikivu kabisa.

Lenye hatari zaidi ni lile la sikio la kati. Chanzo chake aghalabu ni mafua. Kuna mrija unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, ambao mwanaanatomia wa Italia, Bartolomeo Eustachi, aliueleza katika karne ya 16 na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko ule wa mtu mzima. Mtoto akipata mafua au surua, mrija huvimba na kuziba, majimaji hukusanyika, na bakteria hupata mahali pa kuzaliana. Miongoni mwa bakteria hao, wa mbele ni yule yule anayesababisha nimonia kwa wakubwa na wadogo. Moshi wa kuni na makaa, msongamano wa watu katika chumba kimoja, utapiamlo, na kuachishwa ziwa mapema huongeza hatari.

Dalili zake ni maumivu makali, homa, kulia usiku, kuvuta sikio na kukataa kunyonya. Kisha huja jambo linalowadanganya wengi. Usaha ukizidi, kiwambo hupasuka, usaha hutoka, na maumivu hupungua mara moja. Mtoto hulala usingizi, wazazi hushukuru, nao hudhani kwamba ugonjwa umetoka pamoja na usaha. Mara nyingi tundu huziba lenyewe. Lakini lisipoziba, nalo sikio likaendelea kutoa usaha kwa wiki na miezi, ugonjwa huwa sugu. Hauumi tena, bali unakula usikivu polepole. Kwa baadhi ya wagonjwa usaha huingia katika mfupa ulio nyuma ya sikio, pakavimba na kuuma, au hufika kwenye utando wa ubongo na kuleta uti wa mgongo. Methali nyingine ya Kiswahili husema kwamba sikio halipiti kichwa. Katika cheo na heshima ni kweli, ila katika ugonjwa sikio huweza kukiangamiza kichwa.

Tiba kabla ya dawa za kuua bakteria

Isidhaniwe kwamba hatari hiyo ilikuwa ya Afrika peke yake. Sir William Wilde wa Dublin alikuwa mmoja wa mabingwa wa masikio katika Ulaya ya zama zake, naye alichapisha kitabu cha upasuaji wa sikio mwaka 1853. Mwanawe, mwandishi Oscar Wilde, alifariki Paris tarehe 30 Novemba 1900 kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, na madaktari wengi waliochunguza habari zake wanaona kwamba ulitokana na sikio lililokuwa likimsumbua kwa miaka. Mjerumani Hermann Schwartze alikuwa ameeleza mwaka 1873 namna ya kuufungua mfupa wa nyuma ya sikio ili usaha utoke, na upasuaji huo uliwaokoa wengi. Lakini ulihitaji mpasuaji hodari, nusukaputi na hospitali, na hata vyote vilipokuwapo haukuwa na hakika.

Kwa upande wa nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, jamaa za mgonjwa walitegemea mafuta ya vuguvugu, maji ya majani yaliyokamuliwa, na mara nyingine maziwa ya mama yaliyodondoshwa sikioni. Miongoni mwa Waluba palikuwa na nganga mwenye ujuzi wa mitishamba, na palikuwa na kilumbu, mwaguzi aliyetafuta chanzo cha ugonjwa katika uhusiano wa mtu na pepo au na jamaa zake. Joto la mafuta huweza kutuliza maumivu, na hilo lilitosha kuyapa sifa. Lakini kiwambo kikiwa kimekwisha kupasuka, kitu chochote cha majimaji kinachomiminwa huweza kupeleka uchafu mpya ndani. Kwa kipimo cha uponyaji, tofauti kati ya mgonjwa wa Paris na wa Kamina mwaka 1900 haikuwa kubwa kama wengi wanavyodhani. Tofauti ilikuja kupanuka baadaye.

Reli, kambi na hesabu ya wagonjwa

Mji wa Kamina kama unavyojulikana leo ni mtoto wa reli. Njia kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Kampuni ya B.C.K., iliyoundwa mwaka 1906, ikaendeleza ujenzi kuelekea Kasai, na mwaka 1928 njia ya Bukama hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, ilifunguliwa ikipitia Kamina. Mwaka 1956 njia nyingine ikaunganisha Kamina na Kabalo, na kwa njia hiyo na Ziwa Tanganyika. Hivyo Kamina ikawa njia panda. Wafanyakazi waliondoka vijijini kwenda migodi ya kusini, bidhaa zikapita, na maradhi nayo yakapita bila tikiti.

Tiba ya kikoloni katika Katanga ilijengwa kwanza kuzunguka nguvukazi. Malale, ndui, kuhara damu na nimonia vilipigwa vita kwa sababu viliwapunguza wafanyakazi machoni pa kampuni na serikali. Nimonia ilikuwa adui mkubwa wa migodi yote ya kusini mwa Afrika. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, Sir Almroth Wright alianza kujaribu chanjo dhidi yake mwaka 1911, na ni vifo vya wachimbaji vilivyomfanya aitwe. Hapa ndipo penye fundisho la historia hii. Bakteria aliyetafutwa kwa bidii katika pafu la mchimbaji ndiye aliyekuwa akitoboa kiwambo cha sikio la mtoto. Katika pafu alihesabiwa, kwa kuwa mtu mzima aliyekufa alikuwa hasara ya siku hiyo hiyo. Katika sikio hakuhesabiwa, kwa kuwa hasara yake ilikuwa ya miaka 20 mbele, na ilikuwa ya mtoto.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilibadili siasa yake, ikawaruhusu na kuwahimiza wafanyakazi kukaa kambini pamoja na wake na watoto. Zikaanzishwa kliniki za akina mama na watoto wachanga, ambako mtoto alipimwa uzito na kupewa chakula. Kliniki hizo zilipunguza vifo, nalo ni jambo la kukiri. Lakini kipimo chao kikuu kilikuwa uhai na uzito. Usikivu hauonekani kwenye mizani.

Kuna jambo moja zaidi linalohusu dawa na sikio katika zama hizo. Kwinini, dawa kuu ya malaria wakati huo, humfanya mgonjwa asikie mvumo masikioni, na ikizidi huweza kupunguza usikivu. Streptomaisini, iliyokuja baada ya Vita Kuu ya Pili kutibu kifua kikuu, nayo huweza kuliharibu sikio la ndani. Kwa hiyo katika nchi ya malaria, mtu aliyetoka lopitalo huku masikio yakimvuma alikuwa na sababu ya kusema kwamba dawa ya munganga huziba masikio. Maneno hayo hayakuwa ujinga, bali ushahidi wa mtu aliyelijua sikio lake.

Penisilini na uhuru

Mwaka 1935 dawa za kwanza za salfa zilitangazwa nchini Ujerumani. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, ilianza kutengenezwa kwa wingi wakati wa vita, na baada ya mwaka 1945 ikawafikia raia. Tangu hapo sikio la kati lenye ugonjwa mpya liliweza kupona kwa dawa ya siku chache, na upasuaji wa mfupa ukapungua sana katika nchi tajiri. Katika Kongo, mpango wa maendeleo wa miaka kumi ulioanza mwaka 1949 ulijenga hospitali na zahanati nyingi. Wakati huo huo Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya kijeshi karibu na Kamina. Dawa ilikuwa imefika. Swali likawa ni nani aliye karibu na mtoto wa kumpa.

Kazi hiyo iliwaangukia wauguzi na wasaidizi wa madaktari wa Kikongo. Mfano wao mashuhuri ni Jason Sendwe, aliyezaliwa mwaka 1917 katika eneo la Kabongo, ambalo leo limo katika Haut-Lomami. Alisoma katika shule za misheni ya Kimethodisti, akawa mwalimu, mhubiri na muuguzi, kisha msaidizi wa daktari katika hospitali ya serikali, kwa sababu mlango wa udaktari kamili ulikuwa umefungwa kwa Wakongo wa rika lake. Baadaye aliongoza chama cha BALUBAKAT, na aliuawa Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, mwezi Juni 1964. Hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, nchi haikuwa na daktari Mkongo aliyehitimu katika chuo kikuu chake; wa kwanza walihitimu Lovanium mwaka 1961. Madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka, na Katanga ya kaskazini ilipoingia katika vita, wauguzi na wasaidizi hao ndio waliobaki na funguo za zahanati.

Surua, treni na chanjo

Historia ya sikio katika Haut-Lomami haitengani na historia ya surua. Ugonjwa huo hudhoofisha kinga ya mwili, na maradhi ya sikio la kati ni mojawapo ya matatizo yanayoufuata mara nyingi zaidi. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mpana wa chanjo, na katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika maeneo ya afya 306, kila moja likiwa na hospitali yake na vituo vyake. Mpango huo ulisifiwa katika Afrika nzima. Lakini uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1990, vituo vingi vilibaki na jengo na muuguzi bila dawa.

Kisha mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu. Familia zilikaa kwa wiki na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na treni za Kasai hupita Kamina. Msongamano wa watoto wenye njaa katika mabehewa na stesheni ni shamba la surua na nimonia. Wengi walikufa njiani, na vifo hivyo vimeandikwa. Watoto walioteremka wakiwa hai lakini masikio yakitoka usaha hawana ukurasa wao.

Katika karne hii pana mambo mawili yanayovutana. Mwaka 2011 Kongo ilianza kuwapa watoto chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia, na chanjo hiyo hulinda pia sikio kwa kiasi. Lakini mwaka 2015, mwaka ule ule ambao Katanga iligawanywa na Kamina ikawa makao makuu ya jimbo, surua ililipuka katika Malemba-Nkulu na maeneo jirani. Mwaka 2019 nchi nzima ilipata mlipuko mkubwa zaidi, wenye wagonjwa wa kudhaniwa zaidi ya 300,000 na vifo zaidi ya 6,000 kufikia mapema mwaka 2020. Kila mlipuko wa namna hiyo huacha nyuma yake masikio yaliyotoboka.

Utambi wa kitambaa

Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilianza kueneza mwongozo wa kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto wasiotimiza miaka 5. Jambo kubwa katika mwongozo huo ni kwamba muuguzi humwuliza kila mzazi, hata aliyeleta mtoto kwa kikohozi au homa: Je, mtoto ana tatizo la sikio? Kwa swali hilo sikio liliingia rasmi katika hesabu.

Tiba yenyewe haihitaji mitambo. Usaha ukiwa umetoka kwa siku zisizofika 14, ugonjwa huhesabiwa kuwa mpya. Mtoto hupewa dawa ya kuua bakteria, kama amoksilini, kwa siku 5, pamoja na parasitamoli ya maumivu. Usaha ukizidi siku 14, ugonjwa ni sugu, na matone maalumu ya sikio hutumika kwa wiki 2. Katika hali zote mbili sikio hukaushwa angalau mara 3 kwa siku. Kitambaa safi cha pamba husokotwa kuwa utambi, huwekwa sikioni hadi kilowane, hutolewa na kuwekwa kingine, mpaka utambi utoke mkavu. Mafuta na majimaji mengineyo hayamiminwi. Pakiwa na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, mtoto hupewa dozi ya kwanza ya dawa na kupelekwa hospitali bila kukawia.

Kila mama wa Kamina anaweza kusokota utambi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia kwamba usaha usiouma bado ni ugonjwa, na dawa zilizo kamili pale anapofika kituoni. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuiwa.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba tiba hufuata hesabu, na hesabu hufuata kile ambacho wakubwa wa zama husika wanakithamini. Reli na migodi zilihesabu mikono na mapafu, kliniki zikahesabu uzito, na jeshi likahesabu ndege na askari. Sikio la mtoto halikuwa na mhasibu. Matokeo yake yamo madarasani, kwa wanafunzi wanaokaa nyuma na kuitwa wakaidi, na yamo katika masimulizi ambayo wazee wanayatoa na vijana wengine hawayapati yote.

Methali ya kale bado ina ukweli wake, lakini maana yake yahitaji kupimwa upya. Zamani sikio la kufa halikusikia dawa kwa kuwa dawa haikuwapo. Tangu miaka ya 1940 dawa ipo, na tangu miaka ya 1990 hata swali la kuulizwa mzazi lipo. Likifa sikio sasa, si halali kulilaumu sikio kwamba halikusikia.